Je, wajua juu ya nini majisiyeni wa Dungeons & Dragons anaanzaka mnyonge halafu anamupita mpiganaji?

Kwanza niseme hii: kwa meza yetu hatusemake "mchawi". Tunachezeaka Himbi hapa Goma, Jumapili mchana, kwa wazazi wa mwenzetu, na siku moja mtu akapiga kelele "muache mchawi wetu alale kwanza!", mama wa nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi anataka kujua ni mchawi gani analala mu nyumba yake. Tangu siku ile tunasema majisiyeni kama kwa Kifaransa, basi amani ikarudi. Lakini maneno yale, "muache alale kwanza", ndani yake njo kuna jibu karibu lote.

Kwa yule hajui: Dungeons & Dragons ni mchezo wa kukaa na kusimulia. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu anashika mtu wake kwenye hadithi, na ukitaka kufanya kitu kigumu unatupa dadu ya pande 20. Unachagua kazi: mpiganaji wa upanga, majisiyeni, padri wa kuponya, mwizi, na zingine. Na kelele haziishake: kwenye vita nani ana maana zaidi?

Mchezo ulitoka Marekani 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, lakini ulizaliwa ndani ya michezo ya vita, ile ya kusukuma vijeshi vidogo juu ya meza. Mu moja ya ile michezo, Chainmail ya 1971, mpira wa moto wa majisiyeni ulihesabiwa sawa na jiwe la manati kubwa ya vita, na radi yake sawa na mzinga. Hapo utaelewa vitu vingi. Majisiyeni hakutengenezwa awe askari, alitengenezwa awe mzinga, na mzinga unapiga mbali, unapiga wengi, lakini risasi zake zinahesabika na lazima watu wasimame mbele kuulinda. Ile 1974 kazi zilikuwa tatu tu, mpiganaji, majisiyeni na padri (mwizi alikuja 1975), na majisiyeni wa nivo (ngazi) ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja kwa siku nzima. Mmoja! Ukishautumia unabaki kijana mwenye kisu, unajificha nyuma ya wenzako.

Sasa tupige hesabu, na hapa nafuata kanuni za toleo la 2014 juu njo tunachezea. Nivo ya kwanza mpiganaji ana pointi 10 za uhai, majisiyeni 6, kabla ya kuongeza ugumu wa mwili. Majisiyeni ana chaji mbili za uchawi, akizimaliza ni mpaka alale, ao apumzike kidogo arudishe moja, mara moja kwa siku. Zimwi moja likimgusa vizuri anaanguka. Hapo mpiganaji anamuangalia tu na huruma.

Nivo ya 5 ndipo kelele zinaanza. Mpiganaji anapata kupiga mara mbili kwa zamu. Na upanga mkubwa kila pigo ni kama 11, na mbele ya zimwi, ambalo ni rahisi kulipiga, ukihesabu na yale mapigo yanayopita pembeni anatoa kama 19 kwa zamu. Majisiyeni yeye anapata Mpira wa Moto: dadu 8 za pande sita (sisi tunakusanya za ludo), wastani 28, kwa kila mtu aliye ndani ya duara la mita 6 hivi kila upande. Kwa zimwi moja, 28 lisipokwepa, dhidi ya 19, si tofauti ya kuimbia. Lakini weka goblini 8, vile vijitu vidogo vibaya, wamesongamana mu pango, kila mmoja na pointi 7: mpiganaji akibahatika anaua wawili kwa zamu, ni zamu nne, na wao wanampiga muda wote ule. Majisiyeni anatupa mara moja, hata aliyekwepa anakula nusu, 14, na anakufa vilevile. Wote 8. Hapo njo mpiganaji anakasirika, na namuelewa.

Ila hajauliza swali la pili: ile mipira ni mingapi? Miwili, na ule wa kurudisha, mitatu kwa siku. Kisha anabaki na chaji ndogo za uchawi mdogo, na zikiisha nazo, na kacheche ka moto kadogo kasikokula chaji, ambako kwa zimwi kanatoa nusu ya kile mpiganaji anatoa kila zamu bila kuomba mtu kitu. Mimi naonaka mpiganaji ni chukudu, ile ya mbao ya kusukuma na mguu, na majisiyeni ni moto ya motari, yaani pikipiki. Moto inakupita inakuachia vumbi, lakini esanse ikiisha unaisukuma, na chukudu haijawahi kuulizia bei ya esanse. Kitabu cha msimulizi cha 2014 chenyewe kinahesabu vita 6 mpaka 8 kwa siku kabla ya kulala. Nani anafanyaka vile? Sisi tulikuwa tunapiga vita moja, tunalala, moja tena, tunalala, halafu tunashangaa eti majisiyeni ni mungu. Ukilala kila saa, chaji si shida tena, na mtu mwenye chaji zisizoisha lazima ashinde.

Tena kuna kitu hesabu ya damu haionyeshe. Mpiganaji anakua kwa kujumlisha, pigo moja hapa na pale, mpaka manne kwenye nivo ya 20. Majisiyeni anazidisha: chaji zinaongezeka, kila chaji ina nguvu zaidi, na kila uchawi mpya unafanya kitu kingine. Utando wa buibui unashika watano mlangoni, hawajatoka damu hata tone lakini hawasogei na wanapiga vibaya, na adui anayepoteza zamu akijinasua ni kama nusu amekufa. Padri vilevile, neno moja kutoka mbali anamuinua mwenzako aliyeanguka, na zamu yake inarudi. Mwizi yeye ana pigo moja tamu kwa zamu, likikosa basi, pole.

Mu 2008 watengenezaji walijaribu kumaliza kesi na toleo jipya, wakapea kazi zote mpangilio mmoja wa nguvu, za kila zamu, za kila vita, za kila siku. Wengi walinuna, wakasema wote wanafanana. 2014 tofauti zikarudi, na kelele nazo zikarudi.

Kwetu dawa ilikuwa kukataza usingizi. Jumapili iliyopita msimulizi alitubana vita tano mfululizo, kila tukitaka kulala anasema "nasikia nyayo". Ya tano majisiyeni hana kitu, na kurantu ikakatika, simu yake iliyokuwa inatupa dadu ya pande 20 ikazima nayo. Akabaki kushikilia tochi. Zimwi limebaki na pointi 9 za uhai. Mpiganaji akachukua ile dadu moja ya kweli tunayo, 14, imepita. Ludo zikatoa 3 na 2, ongeza 4 za nguvu ya mkono, tisa kamili, akaomba tochi iletwe karibu ili kila mtu aone vizuri.