Kuandika "kwa hisani ya" si ruhusa
Hapa Lamu msimu wa mbio za majahazi utaona sana hii, mtu anachukua picha ya mwenzie mtandaoni anaibandika kwenye posta ya boti zake za watalii kule Shela, chini anaandika "kwa hisani ya fulani" basi anajiona kamaliza. Jamani hapana. Kumtaja mwenye kazi ni jambo moja, ruhusa ni jengine kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mpigaji tangu picha ilipoingia kwenye simu yake, hata kama hajaisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kumtaja kunasaidia pale unapoikosoa kazi yenyewe au kuripoti habari, tena kwa kiasi, lakini posta ya biashara haimo humo. Mtumie meseji, muulize bei, ile ndo riziki yake.