Weusi Ule Si Uchafu

Wiki iliyopita nimeletewa tena kalamu ya wino ya fedha, Pilot ya Japani ya miaka ya 1970 yenye nakshi ya vimraba, imesuguliwa mpaka inang'aa kama kijiko kipya. Mwenyewe ananiambia kwa furaha, "Fundi, uchafu wote nimeutoa." Nilikosa la kumjibu.

Haukuwa uchafu. Kiwandani nakshi huchongwa kwanza, kisha fedha hutiwa weusi kwa salfa, halafu sehemu zilizoinuka peke yake husafishwa. Weusi hubaki mferejini, na ndio unaofanya nakshi isomeke. Wajapani huuita ibushi, na hata msanii aliyekomaa, asiyejionyesha, humsifu kwa kumwita "ibushi-gin", yaani fedha iliyofukizwa. Wewe unaifutia kalamu sifa hiyo kwa dawa ya meno! Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza, hula kingo za mchongo. Soda ya kuokea na foili ya aluminiamu ndiyo balaa zaidi: haikwaruzi, lakini inafika kila mfereji na kuugeuza weusi wote kuwa fedha tupu. Sonara anaweza kuurudisha weusi, ila kingo zilizolika harudishi mtu.

Ukungu wa njano au kahawia juu ya sehemu laini, huo sawa, futa kwa kitambaa laini kikavu. Dawa yangu mimi ni moja: iandikie kila siku. Kiganja kinaisafisha palepale panapotakiwa. Na tafadhali, usizifunge kalamu kwa mpira wa kufungia noti. Mpira una salfa, utakuachia mstari mweusi usiouomba.

Mengine ninayoambiwa na wateja nayajibu haraka. "Haina namba 925 (alama ya fedha halisi), basi ni bandia." Japani haimlazimishi mtu kugonga muhuri; ule wa Mint ya serikali, yaani kiwanda chake cha sarafu, ulikuwa wa hiari. Nyingi zimeandikwa STERLING SILVER tu, na inatosha kuanzia hapo.

"Nibu (ncha ya kuandikia) ya dhahabu ya karati 22 inaandika vizuri kuliko ya 14." Viwanda vya Japani vilishindana kupandisha karati ili kuuza. Kinachogusa karatasi si dhahabu kabisa, ni kidonge cha aloi ngumu kilichochomelewa nchani. Ulaini unatokana na umbo la nibu na unene wake.

"Mwaka wake haujulikani." Kwa Pilot, chomoa nibu uangalie. H674 maana yake kiwanda cha Hiratsuka, Juni 1974. Kumbuka tu kwamba nibu hubadilishwa, kwa hiyo mwaka huo ni wa nibu.

"Ile kalamu fupi ni ya watoto." Ni ya mfuko wa shati. Kifuniko ukikichomeka nyuma inakuwa kalamu kamili, na katriji (vibomba vya wino) za Pilot za leo zinaingia kwenye nyingi kati ya hizo.

Yule bwana ameniuliza kama nitamsaidia kung'arisha na ya pili. Nimemwambia ailete, lakini kitambaa nitakishika mimi.