Sesheni za Clare: ukija Ireland kusikiliza muziki, kaa karibu na ile meza

Watu wakinipigia simu kwamba wanakuja Ireland swali la kwanza ni tiketi ya muziki inakatwa wapi, nami nawaambia jamani tunza hela yako, panda basi uje huku magharibi, kaunti ya Clare, usiku kwenye saa tatu na nusu ingia baa yoyote utakayoona meza ya pembeni ina viti vitupu na hakuna mtu anayethubutu kuvikalia. Hapo ndipo penyewe. Mi ni mpiga fidla, nimekulia kwenye taarab Unguja, na huu mwaka wa tisa nafundisha fidla huku, kwa hiyo nachoeleza nakiona kila wiki.

Wenyewe wanaita sesheni, na mtu wa pwani ataielewa haraka akiifikiria kama baraza. Wanakaa duara wanatazamana, wengine wamekupa mgongo, usidhani wamekudharau, wanapigiana wao kwa wao na wewe umekaribishwa usikilize. Hakuna jukwaa, mara nyingi hakuna hata spika. Mahadhi yenyewe ni mafupi, yana vipande viwili, kila kipande kinarudiwa, halafu yote yanazungushwa kama mara tatu hivi, ndipo wanaingia mahadhi mengine bila kusimama, na ishara ni mtu kunyanyua macho tu au kusema "hup!" basi wote wameshahama. Usipotega sikio utadhani ni kitu kimoja kirefu. Na hapa ndipo moyo wangu ulipotekwa, kwa sababu wote wanapiga sauti ileile moja kama fidla zetu za taarab, tofauti iko kwenye nakshi, huyu anakata noti, yule anaizungusha, na ukikaa karibu utaanza kumjua kila mtu kwa nakshi zake.

Kuna mzee mmoja huwa nakaa karibu naye, anapiga konsetina, kile kinanda kidogo cha mikononi ambacho Clare inasifika nacho. Anakiegemeza upande mmoja kwenye goti, vidole vinene vya mkulima, na vinatembea juu ya vile vitufe kama havigusi kitu. Mguu wake wa kulia ndio ngoma, kisigino kinagonga sakafu ya mawe, na bia yake iko chini ya kiti inapoa povu mpaka mahadhi yaishe.

Mambo ya kukaa baa hivi si ya kale kama watu wanavyodhani. Zamani walikuwa wanacheza majumbani, jikoni kwa jirani, mpaka mwaka 1935 serikali ikapitisha sheria ya kumbi za dansi, dansi za watu zikataka leseni, na mapadri nao walikuwa hawazitaki zile za majumbani. Muziki ukahamia kwenye kumbi na bendi kubwa kubwa, ingawa bendi zenyewe zilikuwepo hata kabla, maana Kilfenora, kijiji kidogo kabisa cha hapa Clare, kina bendi iliyoanza 1909 na ipo mpaka leo. Baadaye vijana wakaenda London kutafuta vibarua, vyumba vyao havina nafasi ya kupigia, wakawa wanakutana kwenye baa za Camden Town, na utaratibu huo ukarudi nyumbani.

Kuhusu sherehe, kama una likizo moja tu kwa mwaka ichukue Julai uje Miltown Malbay, mji mdogo wa hapa Clare. Willie Clancy alikuwa mwenyeji wa pale, fundi wa uilleann, lile zumari la mfuko ambalo upepo wake unapampiwa kwa kiwiko, alifariki Januari 1973 na kiangazi hichohicho wakaanza wiki ya mafunzo kwa jina lake. Asubuhi darasani, jioni kila baa imejaa, watoto wanapiga barabarani hadi usiku. Tafuta chumba miezi kabla, tena miezi mingi. Mei kuna Fleadh Nua mjini Ennis, Agosti kijiji cha Feakle, huko mashariki mwa Clare ambako mpiga fidla Martin Hayes anatokea na mahadhi yanapigwa polepole yenye simanzi, mimi ndiyo nayapenda kuliko yote. Septemba ni mji wa Lisdoonvarna, sherehe ya kutafuta wachumba, nenda ukacheze dansi, ila kwa kusikiliza tafuta kwingine. Kijiji cha Doolin ni pazuri lakini kiangazi watalii wanajaa, mi ningeenda Novemba.

Adabu zake chache. Usipige makofi kufuata mdundo, subiri wamalize. Hela za kutunza kama kwenye taarab usitoe, mnunulie mtu kinywaji inatosha. Mtu akianza kuimba peke yake bila vyombo, nyamaza kabisa, hata glasi usiigonge. Na kama una chombo chako, omba kwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa fidla nikaingia kwenye mahadhi nisiyoyajua, nikawa natafuta noti hadharani, wakapunguza sauti mmoja mmoja mpaka nikaelewa. Niliumia sana. Wiki iliyofuata nikarudi mikono mitupu, nikasikiliza tu, nikafanya hivyo miezi mitatu, mpaka usiku mmoja mama mmoja akanisogezea kiti cha pembeni, akanipa fidla yake mwenyewe, akasema, haya, tupigie ya kwenu. Nikawapigia taksim fupi, ule upigaji wa mtu mmoja anaotunga papo hapo. Baa nzima kimya, na yule mzee wa konsetina amefumba macho.