Je, wajua HPV humwangushaje mlinzi wa seli?

Kwa muda mrefu niliamini, na nikawaeleza wengine hivyo, kwamba kirusi cha HPV kikiingia kwenye seli za mlango wa kizazi huila p53, protini inayolinda seli isigeuke saratani. Nilikosea. Kirusi hakiili. Hata kimeng'enya cha binadamu ambacho kirusi hukitumia hakiili. Kazi yake ni kutia alama tu, na uvunjaji hufanyika kwingine.

Ukishuka asubuhi mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, utakuta magunia ya dagaa wakavu yakisubiri gari. Mtu anapita na kopo la rangi na kijiti, anaandika herufi za mwenye mzigo na mji unakokwenda. Mpakiaji hafungui gunia. Anasoma, anabeba. Likiandikwa vibaya litapanda gari lisilo lake, hata kama dagaa wa ndani ni safi kabisa.

Ndani ya seli, rangi hiyo ni yubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76. Tofauti na gunia, alama moja mara nyingi haitoshi: yubikwitini hushikana mnyororo. Protini yenye mnyororo huo hupelekwa kwenye proteasomu, mtambo wenye umbo la pipa, ikakatwakatwa. Waliofichua mfumo huu, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2004.

Waandikaji ndani ya seli ni mamia. Mmoja wao ni E6AP, kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni UBE3A, kwenye kromosomu ya 15. Kwa kawaida hakina habari na p53. Kirusi huifanya seli itengeneze protini ya kirusi, E6, inayomshika mwandikaji mkono na kumpeleka kwenye gunia ambalo asingeligusa, yaani p53. Na E6AP maana yake ni "protini inayoambatana na E6": kimeng'enya chetu wenyewe kinaitwa kwa jina la mtekaji wake!

Basi si tukizime? Hapana, ubongo unakihitaji. Kwenye neva hufanya kazi nakala ya jeni itokayo kwa mama pekee. Ikikosekana, mtoto hupata ugonjwa alioueleza daktari Harry Angelman mwaka 1965, anachelewa sana kukua na hupata shida ya kusema na kutembea.

Maambukizi mengi ya HPV mwili huyaondoa wenyewe. Hatari ni aina kama 16 na 18 zikikaa miaka mingi. Chanjo, ambayo Tanzania huwapa wasichana wa miaka 9 hadi 14, haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Kinga inayoamshwa nayo hukinasa kirusi nje ya seli, kabla E6 haijatengenezwa.