Mstari wa kuotea hauna uhakika wa milimita

Wengi wanaamini kwamba mstari wa kuotea (offside) unaochorwa na kompyuta kwenye soka haukosei hata milimita. Si kweli, na mashabiki wanastahili kuelezwa hivyo waziwazi.

Katika Kombe la Dunia la Qatar 2022, kamera 12 zilizofungwa chini ya paa la uwanja zilifuatilia hadi alama 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata. Hapo katikati kompyuta inakadiria. Mpira wenyewe ulikuwa na kihisi kilichopima mwendo wake mara 500 kwa sekunde, hivyo wakati wa pasi ulinaswa kwa karibu zaidi kuliko mahali lilipo goti.

Usahihi hupimwaje? Wachezaji hubandikwa vialama vinavyoakisi mwanga, wakakimbia na kugeuka mbele ya kamera maalumu za utafiti, kisha vipimo vya kamera hizo hulinganishwa na vya mfumo wa kuotea. Kinachopatikana ni wastani wa makosa. Wastani hautuambii kosa la tukio moja, hasa wachezaji wanapobanana langoni na mguu ukafichika. Ningependa kila mchoro wa kuotea uonyeshwe pamoja na kiwango chake cha makosa.