Hadteli ya chuma: ipime ikiwa imebeba mtu

Fremu ya hadteli, yaani baiskeli ya mlima yenye shokapu mbele tu, ina maumbo mawili. Kuna lile la kwenye karatasi ya vipimo, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani. Kuna na lile linalotokea mpandaji akishakaa: foku (uma wa mbele wenye shokapu) inazama, kichwa cha fremu (paipu fupi inayoshika foku) kinashuka, na nyuma inabaki palepale kwa kuwa hakuna shokapu ya kuzama. Umbo hili la pili ndilo linaloshuka mlima, na ndilo ninaloanza nalo kila ninapochora fremu mpya hapa Arusha.

Wengi wanaonijia wameshika namba za umbo la kwanza. Wamesoma kwamba baiskeli za kisasa zina pembe ya kichwa (mwinamo wa paipu hiyo kutoka ardhini) ya nyuzi 64, nao wanaitaka hiyohiyo, pamoja na foku ndefu yenye mzamo wa milimita 160 kama ya rafiki yao mwenye baiskeli ya shokapu mbili. Huyo rafiki akikaa, mbele na nyuma vinazama pamoja, kwa hiyo pembe zake hazisogei sana. Kwenye hadteli hesabu ni nyingine. Kila foku inapozama milimita 20, pembe ya kichwa inasimama zaidi kwa takriban nyuzi 1. Foku ya 160 ikiisha yote, ile 64 imeshakuwa karibu 72, pembe ya baiskeli ya lami. Na foku huisha yote katika ile sekunde mbaya kuliko zote, gurudumu la mbele liko shimoni, breki imeshikwa na mteremko ni mkali. Usukani unakuwa mwepesi pale hasa ulipoutaka utulie.

Ndiyo sababu fremu zangu nyingi nazichorea foku ya milimita 120, mara chache 130. Nikianza na nyuzi 65 bila mtu, mpandaji akikaa na foku ikazama robo yake, yaani milimita 30, nafika 66 na nusu. Hiyo ndiyo pembe ninayoiunda. Foku ikiisha yote niko 71, na baiskeli bado inashikika.

Nyumba ya krenki, pale krenki za pedali zinapozungukia, nayo inashuka, na hili husahaulika zaidi. Kwa kuwa iko karibu na gurudumu la nyuma, inashuka kama theluthi moja ya kile kinachoshuka mbele. Foku ikizama milimita 30, krenki inashuka kama 10. Ikizama zote 120, krenki inashuka kama 40. Kwenye njia za mizizi kama zile za msitu wa Magamba, Lushoto, hizo 40 ndizo zinazoamua kama pedali itapita au itagonga. Kwa magurudumu ya inchi 29 naweka kitovu cha krenki milimita 55 hadi 60 chini ya mstari wa ekseli, si zaidi, na napendelea krenki fupi: 170, na 165 kwa mwenye miguu mifupi.

Pembe ya siti, yaani ya paipu inayobeba siti, inafuata mkondo huohuo. Baiskeli ya shokapu mbili ikipanda kilima, nyuma inazama na mpandaji anaanguka nyuma ya krenki, kwa hiyo watengenezaji wameisogeza pembe ya siti hadi 77 au 78 kufidia. Hadteli haina cha kufidia. Naweka 74, na mtu anapanda kutoka Mombo hadi Soni akiwa amekaa sawasawa juu ya pedali. Ukimwekea 77 kwenye fremu isiyozama nyuma, uzito wote unahamia mikononi, na baada ya saa mbili viganja vinakufa ganzi.

Chuma gani, na kwa nini

Fundi wa baiskeli Joe Breeze alipounda Breezer yake ya kwanza mwaka 1977 huko Marin County, California, alitumia paipu za kromoli, chuma kilichochanganywa kromi na molibdeni. Stumpjumper ya kampuni ya Specialized, iliyotoka mwaka 1981 na kuzipeleka baiskeli za mlima madukani, ilikuwa ya chuma pia. Alumini na kaboni zilikuja baadaye zikachukua soko, na kwa uzito zilistahili: fremu yangu ya saizi kubwa hukaribia kilo 2.4, na ya alumini ya aina hiyo inaweza kuwa pungufu kwa nusu kilo au zaidi. Sitaki kumficha mteja hilo. Ila kuna jambo lingine linalosemwa kila mahali ambalo nalipinga.

Husemwa kwamba chuma ghali kina ulaini wake, kwamba paipu za bei kubwa hunesa vizuri kuliko za bei nafuu. Si kweli. Vyuma vyote hivi, kuanzia kile cha paipu ya maji hadi kile cha paipu ghali za Reynolds 853, hupinda kwa kiasi kilekile ukivipa umbo na unene uleule, na uzito wao ni uleule pia, karibu gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo. Tofauti iko kwenye nguvu, yaani mzigo ambao paipu itaubeba kabla haijakunjika moja kwa moja. Kromoli ya 4130, yenye kromi karibu asilimia 1 na molibdeni karibu asilimia 0.2, ina nguvu ya kutosha kuruhusu ukuta wa milimita 0.6 katikati ya paipu. Chuma cha kawaida kingetaka ukuta mnene zaidi kwa kazi hiyohiyo. Unalipia wembamba, na wembamba ndio unaoleta wepesi na mneso.

Kinachotawala ugumu wa fremu ni kipenyo. Ukiacha ukuta uleule na kukuza paipu kutoka milimita 28.6 hadi 35, ugumu wake wa kupinda unaongezeka karibu mara 1.8, na uzito unaongezeka kwa kama asilimia 22 tu. Kwa hiyo paipu ya chini, inayobeba vishindo vya foku, naipa milimita 35, na 38 kwa mtu mzito. Paipu ya juu inatosha na 31.8. Mtu wa kilo 60 akiniletea picha ya fremu yenye paipu nene kila mahali namshauri aachane nayo, maana ataendesha kitu kikavu kitakachomrusha kutoka jiwe hadi jiwe.

Na mneso wenyewe? Fremu ni pembetatu mbili, na pembetatu haikubali kubonyea wima. Inachokubali ni kujipinda ubavuni, kidogo, na huo mpindo ndio unaosikia baiskeli ya chuma ikiifuata njia yenye mteremko wa pembeni badala ya kuruka nje. Nimeupenda mpindo huo tangu nilipoanza kazi hii. Lakini faraja ya kiuno inatoka kwenye matairi. Tairi la nyuma la inchi 2.5 lenye upepo sahihi hubonyea kwa sentimita nzima mahali ambapo fremu haibonyei hata milimita moja.

Kuunga

Paipu nzuri za baiskeli si nene sawa toka mwanzo hadi mwisho. Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya paipu za namna hiyo mwaka 1897: nene miishoni kunakounganishwa, nyembamba katikati. Fundi akikata upande mmoja bila kuangalia, anaukata ule unene wote na kuchomelea kwenye ukuta mwembamba, na hapo ufa umeshapangiwa mahali pa kuanzia. Mimi hupima miisho yote miwili kabla ya msumeno kugusa chochote na kuiwekea alama ya rangi.

Mdomo wa paipu nauchonga kwa tupa hadi uukumbatie mwenzake na mwanga usipite katikati. Hapa ndipo muda unakokwenda, na hapa ndipo fremu inakopatikana au kupotea, kwa sababu shaba ya kuungia haizibi pengo kwa heshima, inalificha tu. Kisha nasafisha chuma kwa msasa hadi king'ae, ndani na nje, na kupaka flaksi, dawa inayosaidia shaba kushika.

Naunga kwa gesi na shaba ya njano. Shaba inayeyuka karibu nyuzi joto 900, chuma kinataka kama 1,500, kwa hiyo paipu yenyewe haiyeyuki kamwe. Shaba inaishika na kuacha kona ya mviringo ambayo naisawazisha kwa tupa. Mafundi wa tigi, welding ya umeme yenye gesi ya kukinga, wana haki ya kuisifu kazi yao, ni ya haraka na nyepesi zaidi. Mimi nimebaki na gesi kwa sababu mitungi ya oksijeni na asetilini inapatikana hadi miji midogo, na mtu aliyevunja fremu mbali na hapa anaweza kupata fundi mwenye vifaa vilevile nilivyotumia. Welding ya umeme ya fimbo, ile ya mageti na madirisha, isiikaribie fremu hii. Ukuta wa milimita 0.6 unatoboka kabla fundi hajashusha kioo chake.

Moshi mweupe ukianza kupanda, joto limezidi: zinki iliyomo kwenye shaba inachemka, inadhoofisha kiungo na inaumiza kifua. Fanya kazi kwenye upepo, na rudisha moto nyuma. Kwa sababu hiyohiyo usijaribu fremu kwa paipu za maji zilizopakwa zinki.

Mahali ninapopatilia mkazo kuliko pote ni chini ya kichwa, pale paipu ya chini inapokutana nacho. Kila shimo na kila breki ya mbele inapavuta pale. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 kinataka fremu ya mlima isukumwe na kuvutwa kwenye ekseli ya mbele mara 50,000 bila kuonyesha ufa, na karibu mzigo wote huo unapitia kiungo hiki. Wengine hubandika kipande cha bati kukiimarisha. Ni sawa, ilimradi kipande kiishe taratibu kwa ncha nyembamba. Kikiisha ghafla, umeuhamisha ufa sentimita chache nyuma, kwenye ukuta mwembamba zaidi.

Sehemu za kununua nachagua kwa swali moja: spea yake ipo? Nyumba ya krenki ni ya upana wa milimita 73 yenye nyuzi za kawaida za kufungia kama za skrubu, si ya kugongelea beringi. Kikumbusho kwa vijana: upande wa mnyororo nyuzi zake ni za kushoto, ukilazimisha kulia unaua nyumba. Nyuma naweka ekseli ya milimita 148 kwa 12 na sikio la dereila (kipande kinachoshikilia kibadilisha gia) la mtindo wa UDH, uliotolewa na kampuni ya SRAM mwaka 2019, kwa kuwa aina moja hiyo inaingia kwenye fremu za kampuni nyingi. Kabla ya hapo kila fremu ilikuwa na sikio lake, na likikatika Tanzania unasubiri kifurushi kutoka Ulaya.

Tundu la kutolea maji chini ya krenki, na mafuta ya kitani ndani ya kila paipu kabla ya foku kuingia. Mwenye kuishi Tanga au Dar arudie mafuta hayo kila mwaka. Hewa ya chumvi haisubiri.

Njiani

Kwa mpandaji wa kilo 75 naanza na upepo wa psi 25 nyuma na 21 mbele, matairi yasiyo na tyubu, na maji ya kuzibia pancha ya kutosha, maana ukivuka upande wa Monduli miiba ya migunga haina huruma na tairi la mtu. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, ongeza psi 2 nyuma, usiongeze 10.

Simama. Mteremkoni makalio yasiguse siti, visigino vishuke, magoti yawe huru, kwani hayo ndiyo shokapu ya nyuma uliyonayo. Kabla ya jiwe au mzizi, jifanye mwepesi miguuni kwa nukta moja ili gurudumu la nyuma lipite bila kubeba uzito wako. Punguza mwendo kabla ya mawe, si juu yake: gurudumu la nyuma lililofungwa breki linaruka badala ya kushika. Na chagua mstari wa gurudumu la nyuma, usiutazame ule wa mbele pekee. Foku husamehe, fremu haisamehi.

Njia hizi za Usambara na za ubavuni mwa Meru ni za watu wanaokwenda sokoni, shambani na shuleni. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani hawezi kuruka pembeni akupishe. Shuka, mpe shikamoo, apite, kisha uendelee. Masika, udongo mwekundu ukishalowa, acha njia ipumzike. Magurudumu yanachimba mfereji na maji yanaubeba udongo wa shamba la mtu.

Baada ya wiki za kwanza rudisha baiskeli nikaze spoki na kichwa. Kisha wewe mwenyewe, kila unapoiosha, pitisha kitambaa chini ya kichwa na kwenye miguu ya nyuma karibu na krenki. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, hasa wenye kutu, si mkwaruzo. Acha kuendesha siku hiyohiyo na uilete: paipu iliyopata ufa inakatwa, mpya inachongwa, inaungwa mahali pake, na fremu inarudi kazini.