Je, wajua kwa nini mkababu huvua majani mvua zikianza?

Mvua za kwanza zikinyesha miti mingi huchipua, lakini mkababu (Faidherbia albida), ndugu wa migunga, ndiyo kwanza unapukutisha. Kiangazi kikikaza na shamba likibaki vumbi tupu, wenyewe umevaa kijani. Unaliweza hilo kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka wima mita nyingi hadi kwenye maji ya ardhini, hivyo hausubiri mvua ili uchanue majani.

Kwa mkulima, hiyo kalenda iliyopinduka ndiyo mali. Mahindi yakiwa usawa wa magoti, matawi juu yake yako wazi: jua linapenya, na mti usio na majani hauyanyang'anyi maji. Majani yaliyoanguka yana naitrojeni nyingi na huoza upesi, kwa hiyo chakula kinafika mmea ukiwa na njaa. Kiangazi ng'ombe hujilaza kivulini, hula maganda na kuacha samadi. (Kwa haki, sehemu ya rutuba inayosifiwa chini ya mkababu ni ya ng'ombe.) Maua nayo hutoka mvua zikishaisha, nyuki wakiwa hawana pengi pa kwenda.

Shida huanzia kwenye mbegu. Ganda lake ni gumu na halipitishi maji, ndiyo maana ukizipanda hivi hivi chache ndizo zitaota. Kata ganda kidogo kwa kikata kucha, upande ulio mbali na kile kidoa mbegu iliposhikilia ganda la tunda, kisha loweka usiku kucha kwenye maji baridi. Zilizovimba panda sentimita 1 hadi 2 chini. Zisizovimba, zikate tena.

Kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) kifupi ni kosa la pili. Mzizi hukimbia chini kuliko shina linavyopanda. Ukigonga kitako hujikunja, na mche uliojikunja mzizi hudumaa shambani hata ukimwagiliwa. Tumia viriba vya angalau sentimita 30, vihamishe mara kwa mara, na ukate mizizi inayotokeza chini.

Kabla ya kuhamishia miche shambani, chimba shimo la majaribio. Ukikuta mwamba nusu mita chini, tafuta mti mwingine, kwani huu utakosa njia ya kuyafikia maji. Nafasi ya mita 10 kwa 10 hutoa miti 100 kwa hekta, nayo hupunguzwa matawi yakianza kugusana. Mbuzi na moto wa kusafisha shamba ndio maadui wakubwa wa miaka ya mwanzo. Faida kwa mazao huchukua miaka mingi kuonekana, basi anayetaka mbolea msimu ujao apande mbaazi.

Palipo na mikababu mikubwa karibu, kitalu huenda kisihitajike. Kagua shamba kabla ya kulima: mche uliojiotea wenye miiba myeupe iliyonyooka, miwili miwili, uchomekee kijiti ili jembe liukwepe.